Nane Nane ya Morogoro kama darasa: kipando kinafundisha nini, na kinaficha nini

Mkulima mdogo wa mikoa ya Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam hupata fursa moja kubwa kwa mwaka ya kuwakuta watafiti, wauza mbegu, maofisa ugani na wakulima wenzake wakiwa mahali pamoja, nayo ni maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki, yanayofanyika katika Uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere mjini Morogoro kuanzia tarehe 1 Agosti hadi kilele chake tarehe 8. Wengi huyasifu au huyalaumu maonesho haya kwa wingi wa watu, burudani na nyama choma. Hapa ninayapima kwa kipimo kimoja tu, yaani kama shule ya mkulima na ya mtu mwenye bustani nyuma ya nyumba, na maoni yangu ni kwamba vipando vyake hufundisha vizuri kuliko mabanda yake, ila habari za maji, gharama na hasara hazitoki kwenye kipando mpaka mgeni aziulize mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika, vipando ni vishamba vidogo vya mfano ambavyo kila halmashauri, taasisi ya utafiti na kampuni ya pembejeo huviotesha katika eneo lake miezi kadhaa kabla ya Agosti, ili siku ya maonesho mazao yawe yamesimama, na kila tuta lina kibao kinachotaja zao, aina ya mbegu, tarehe ya kupanda na nafasi kati ya mimea. Kibao hicho ndicho kitabu cha kiada cha mahali pale. Anayefika siku za mwanzo, asubuhi kabla jua halijawa kali, atakisoma kwa utulivu na kupata mtu wa kumjibu. Anayefika tarehe 7 au 8 atawakuta watoa maelezo wamejipanga kumsubiri mgeni rasmi, na swali lake kuhusu kitunguu litapata jibu la haraka haraka lililokusudiwa kumwondoa.

Lipo jambo jingine la kuzingatia kabla ya kuingia, nalo ni nani wa kumwuliza. Mbele ya kipando husimama kijana mwenye fulana mpya yenye nembo, ambaye mara nyingi amefika juzi pamoja na vipeperushi, na nyuma yake, karibu na bomba la maji, huwapo mtu mwenye buti za mpira ambaye ndiye aliyepanda, akapalilia na kumwagilia. Wa kwanza anajua jina la mbegu. Wa pili anajua lini ilishambuliwa na wadudu, ilipigwa dawa gani na ni mashimo mangapi yaliyorudishiwa mbegu baada ya kutoota. Karibu kila jambo la maana nililoandika katika daftari langu lilitoka kwa watu wa buti.

Somo lililonivutia kuliko yote ni la mpunga wa kilimo shadidi. Utaratibu huu ulianzia Madagaska katika miaka ya 1980, na katika mkoa wa Morogoro umefanyiwa majaribio na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mkindo, wilayani Mvomero, ambako pia kuna chuo cha wakulima. Kwa hiyo anayeufundisha pale uwanjani huwa ni mtu aliyeufanya kwa mikono yake. Aliyetufundisha sisi alikuwa mama mmoja wa makamo, mkulima wa mpunga, na alianza na ndoo ya maji ya chumvi na yai bichi. Chumvi inaongezwa kidogo kidogo mpaka yai lielee, kisha mbegu zinamwagwa ndani: zilizo nyepesi zinabaki juu na kuondolewa, zilizojaa zinazama, na hizo ndizo zinazosuuzwa kwa maji safi na kupelekwa kitaluni. Miche inahamishwa ikiwa na umri wa siku 8 hadi 12 tu, wakati wengi wetu tumezoea kuisubiri wiki tatu au zaidi, na inapandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, kwa kufuata kamba iliyofungwa mafundo. Jaruba halijazwi maji muda wote. Linawekwa maji, linaachwa likauke mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, kisha maji yanarudishwa.

Hadi hapo ni maelezo ambayo mtu angeweza kuyapata katika kipeperushi. Tofauti ilikuja pale yule mama alipong'oa mashina mawili, moja kutoka tuta lililopandwa kwa mazoea, miche minne katika shimo moja, na jingine kutoka tuta la shadidi, akaosha mizizi ya yote mawili na kumkabidhi mzee mmoja aliyekuwa akibisha. "Baba, hesabu mwenyewe machipukizi, mimi nisije nikakudanganya," alimwambia, na mzee akahesabu kwa sauti, taratibu, watu wakimsikiliza. Shina la mche mmoja lilikuwa limezaa machipukizi mengi kuliko lile la miche minne, na mizizi yake ilikuwa myeupe na minene, wakati ya jaruba lililojaa maji ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia. Mtu akishaona mizizi hiyo, hahitaji kuelezwa zaidi kwamba mpunga nao unahitaji hewa ardhini.

Nilipomwuliza kinachomshinda mkulima wa kilimo hicho, alijibu bila kusita. Jaruba lazima lisawazishwe vizuri, la sivyo miche midogo huzama upande mmoja na kukauka upande mwingine. Maji ya zamu ya mfereji lazima yafike siku iliyopangwa. Na kwa kuwa maji hayasimami muda wote, magugu huota kwa wingi, hivyo palizi huongezeka na kile kipalizi cha kusukuma kinakuwa chombo cha lazima. Kwa maneno mengine, utaratibu huu unamfaa mwenye skimu, na mkulima wa bonde la Kilombero anayelima kwa kutegemea mafuriko hawezi kuufuata wote kama ulivyo, kwa sababu hana mlango wa kuyatolea maji. Jibu hili lilikuwa la thamani kuliko somo lenyewe, lakini halikuwamo katika kibao, na kundi lililotutangulia liliondoka bila kulisikia.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa vipando kama njia ya kufundishia. Agosti katika kanda hii ni kiangazi. Mahindi ya masika yamekwisha kuvunwa au yamekauka shambani, na kila kilicho kibichi pale uwanjani kimeletwa na bomba. Mbele ya kipando kimoja cha mahindi, mali ya kampuni ambayo sitaitaja, mtoa maelezo alikuwa akieleza kwa ufasaha jinsi mbegu yao inavyostahimili ukame, ilhali udongo uliokuwa miguuni mwa wasikilizaji ulikuwa umelowa chapachapa. Nilimwuliza mtunza kipando, akaniambia kwamba humwagilia kila baada ya siku moja. Sisemi kwamba mbegu ile ni mbaya. Huenda ni nzuri sana. Ninasema kwamba sifa iliyokuwa ikitangazwa ndiyo pekee ambayo kipando kile kisingeweza kuithibitisha.

Ukubwa wa kipando nao unaweza kupotosha. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi inayopendekezwa ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, hufikia takriban mimea 18,000 kwa ekari, wakati kipando cha hatua kumi kwa kumi kina mimea isiyozidi mia nne na kitu. Mtu mmoja anaweza kupita asubuhi katika mimea mia nne akawaokota kwa mkono viwavijeshi vamizi, wale waliothibitishwa kuingia nchini mwaka 2017, na kutia samadi kiganja kimoja kimoja katika kila shimo. Hawezi kufanya hivyo katika mimea 18,000 bila kuajiri vibarua, na gharama ya vibarua hao haijaandikwa popote. Ningependa kila kibao kiwe na mstari mmoja zaidi unaotaja siku za kazi, mbolea na maji yaliyotumika, kisha hesabu hiyo ipigwe kwa ekari. Halmashauri moja ilikuwa imefanya jambo linalokaribia hilo: katika tuta la maharage iliacha ukanda usiotiwa mbolea kabisa, pembeni ya ukanda uliotiwa, na tofauti ya urefu na rangi ya majani ilionekana hata kwa mtoto. Ukanda ule dhaifu, ambao wengine wangeona aibu kuuonesha, ulikuwa na wasikilizaji wengi.

Kwa upande wa bustani, somo la nyanya ndilo lenye manufaa makubwa, kwa sababu nyanya ndiyo inayowafilisi wengi. Kantangaze, yule nondo mdogo aliyeingia Tanzania mwaka 2014, alielezwa vizuri: kiwavi wake hukaa katikati ya ngozi mbili za jani, ndiyo maana dawa ya kugusa humpita juu bila kumdhuru, na kadiri mkulima anavyorudia dawa ileile ndivyo wanaosalia wanavyozaa kizazi kinachoizoea. Wataalamu walionesha mtego wa harufu ya nondo jike uliowekwa juu ya beseni la maji yenye sabuni, wakafafanua kwamba kazi yake kubwa ni kumjulisha mkulima kwamba wadudu wamefika, na kwamba mtego peke yake haumalizi tatizo. Ukweli wa namna hiyo ni nadra mahali ambapo kila mmoja ana kitu cha kuuza.

Somo la mnyauko bakteria lilikuwa fupi lakini halisahauliki. Mtaalamu alichukua mche wa nyanya ulionyauka ghafla ukiwa bado na majani ya kijani, akakata kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache uzi mweupe mfano wa maziwa ulianza kushuka kutoka kwenye shina. Kwa jaribio hilo la glasi, mwenye bustani anaweza kutofautisha mnyauko wa bakteria na kiu, au na mnyauko wa ukungu, kabla hajamimina fedha zake katika dawa. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuponya. Unaishi ardhini, unahamia kwa miche, maji na jembe lenye udongo, na anayeubaini anatakiwa kuacha kupanda hapo nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo, kwa kuwa wote ni ukoo mmoja, akageukia mahindi au jamii ya vitunguu.

Bustani za mjini, kwa maoni yangu, bado zinafundishwa kama pambo. Viroba vya mchicha, chinese na sukuma wiki vilipangwa kwa kupendeza, na ujenzi wake ulielezwa sawasawa: udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, na matundu ubavuni kwa ajili ya miche. Lakini mkazi wa Dar es Salaam ananunua maji kwa ndoo, au anavuta ya kisima chenye chumvi, na suala la chumvi ndilo linaloamua kama bustani yake itaishi. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba nitumie maji safi. Jibu la manufaa lingekuwa kwamba mimea haifanani katika kuvumilia chumvi, kwamba spinachi huivumilia kuliko mboga nyingi na maharage hushindwa mapema, kwamba kiroba kinachomwagiliwa maji ya kisima kinahitaji matundu chini na maji mengi ya mvua kila yanapopatikana ili chumvi isijikusanye, na kwamba matandazo hupunguza maji yanayopotea kwa jua. Mambo haya yanajulikana kwa wataalamu waliokuwapo umbali mfupi kutoka pale. Hakuna aliyeyasogeza hadi kwenye kiroba.

Mabanda nayapitia kwa haraka, kwa kuwa mengi ni maduka. Vipeperushi vingine vimechapishwa kwa Kiingereza, na sijui mwandishi alimkusudia nani. Mawili matatu yanastahili muda wa mkulima. Kwenye banda la TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, mtu anafundishwa kusoma lebo ya pakiti, kukwangua namba yake ya siri na kuihakiki kwa simu, na pia anaelezwa tofauti kati ya mbegu iliyothibitishwa na ile ya kuazimiwa ubora, ambayo huzalishwa na wakulima wenyewe kwa ajili ya maeneo yao na mara nyingi huwa na bei nafuu. Somo la uhifadhi wa nafaka nalo ni zuri: mahindi yakauke kwanza, yajaribiwe kwa chupa kavu yenye chumvi kavu, ikitikiswa na chumvi ikaganda ukutani mwa chupa basi bado yana unyevu, kisha yafungwe katika mifuko ya kinga njaa yenye tabaka mbili za plastiki ndani, ambamo dumuzi, mdudu mtoboaji wa mahindi ambaye wengine humwita Skania, hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Kwa nchi ambayo mwaka 2016 ilipoteza watu Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota katika nafaka yenye unyevu, ningetarajia somo hili liwe mlangoni kabisa, na si nyuma ya matrekta.

Kuhusu miche ya matunda inayouzwa pale, nina tahadhari. Kuona fundi akibebesha mwembe au akipachika jicho la mchungwa kwenye shina la mlimao ni elimu nzuri, na wale wanaotoka upande wa Muheza, ambako machungwa ndiyo maisha, wana mikono myepesi inayopendeza kuitazama. Hata hivyo, mche wa kununua ukaguliwe: alama ya kiungo ionekane juu ya udongo, mzizi usiwe umejikunja na kuzunguka ndani ya kiriba, na muuzaji aweze kusema kikonyo, yaani kile kijiti kilichopachikwa, kilitoka kwenye mti gani. Katika moja ya vibanda vya pembeni niliuziwa mche wa parachichi kwa maelezo kwamba umebebeshwa, na nilipoufungua nyumbani sikuona kiungo popote. Tena, anayenunua mche Agosti ajue kwamba mvua za vuli ziko miezi miwili mbele, na itambidi aulee kivulini kwa maji ya ndoo mpaka zifike.

Swali kubwa la shule yoyote ni nini kinafuata baada ya somo. Shamba darasa, mtindo ambao FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuanzisha katika mpunga nchini Indonesia mwaka 1989 na ambao baadaye ulienea Afrika Mashariki, huwakutanisha wakulima kila wiki katika shamba moja tangu kupanda hadi kuvuna, na hapo ndipo mtu hujifunza kuona tatizo likianza. Nane Nane humwonesha mazao yakiwa katika siku yake nzuri kuliko zote. Kwa hiyo naishauri iwe mlango wa kuingilia: aliyevutiwa na mpunga wa shadidi aulize utaratibu wa mafunzo ya Chuo cha Wakulima Mkindo, anayetaka kilimo hai, kile kisichotumia kemikali za viwandani, afuatilie kozi fupi za shirika la Sustainable Agriculture Tanzania katika kituo chao cha Vianzi, ambako mtu anatengeneza mboji kwa mikono yake badala ya kuitazama, na kila mmoja aondoke na namba ya simu ya ofisa ugani wa kata yake, ambaye mara nyingi yuko palepale kwenye kipando cha halmashauri akiwa hana wa kuzungumza naye.

Kwa mkulima wa mpunga, mahindi au nyanya, ziara hii inastahili nauli na kiingilio bila shaka, hasa kama wataungana wachache kutoka kijiji kimoja, wagawane vipando na jioni waelezane. Kwa mwenye bustani ya mjini ninaipendekeza kwa masharti, kwamba aende moja kwa moja kwenye nyanya na kwenye lebo za mbegu. Abebe daftari, picha za majani yenye ugonjwa katika simu badala ya majani yenyewe, maana hakuna sababu ya kuvipelekea vipando vya watu wadudu wapya, maji ya kunywa, na viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa vumbi la Agosti pale ni jingi. Kutoka stendi ya Msamvu usafiri wa kufika uwanjani siku hizo haukosekani, na kurudi mapema, kabla ya saa kumi jioni, kunaepusha msongamano wa barabara kuu ya Dar es Salaam.